Vileja vya Idd vinalegea siku ya pili: ni mkono wangu, au ni nini?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga mjini, nina miaka 36. Bibi yangu aliyenilea, kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, alikuwa anaoka vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele, na kukaanga visheti vya Idd, na huku anasuka vikapu vidogo vya ukili vya kupelekea majirani. Alifariki 2020. Tangu 2021 kazi hiyo naifanya mimi, kwa vipimo vyake vilevile, kikombe chake cha bati na jiko lake la mkaa. Lakini vileja vyangu vinatawanyika kwenye bati, na siku ya pili vimelegea kama mkate. Vya bibi vilikaa wiki mbili na bado vinavunjika kwa sauti. Visheti vinatoa jasho. Nimeongeza unga, nimeongeza beking pauda, nimevifungia kwenye kopo vikiwa vya moto ili hewa isiingie, wapi! Mwaka juzi kikapu kimoja kilipiga koga, na kingine rangi nyekundu ilihamia kwenye vileja, nikaona haya kuvigawa. Ajabu, Idd kubwa vinatoka afadhali. Wapo wanaosema unga wa siku hizi si unga, na wapo wanaosema mkono haurithiwi. Ninunue oveni ya umeme? Au niache, niwe nanunua biskuti za dukani? Na kawa la bibi, lile la ukili la kufunikia chakula, limeingia madoa meusi, nalo nilitupe?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na bibi. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara macho yangu yanarudi kwenye maneno manne uliyoyapitisha kama jambo dogo: Idd kubwa vinatoka afadhali. Jibu lako limo humo. Nitalieleza taratibu, lakini kwanza nikutue mzigo ulioubeba miaka yote hii. Mkono wako hauna kasoro. Mtu ambaye mkono wake haufai, vileja vyake haviwi afadhali mwezi wa Julai na vibaya mwezi wa Aprili.

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idd inatangulia kwa siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya ukutani, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia. Sasa hesabu pamoja nami. Ulipokuwa na miaka minane, tisa, kumi, umri ule wa kukaa jikoni na kupewa kileja kilichovunjika, ilikuwa 1998 hadi 2000, na Idd-el-Fitri miaka hiyo yote mitatu iliangukia Januari. Januari kwetu Tanga ni kaskazi. Jua kali, mvua chache, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Wewe umepokea kazi 2021, Idd ikawa katikati ya Mei. Mwaka 2022 ikawa mwanzo wa Mei, 2023 ikawa kwenye ishirini na kitu Aprili, 2024 tarehe 10 Aprili. Hiyo yote ni masika, wakati ambao chumvi inageuka maji kwenye kikopo chake na kanga inakaa kambani siku mbili ikiwa bado na unyevu. Idd kubwa kwa miaka hiyo iliangukia Julai na Juni, kwenye kusi na ubaridi wake. Umerithi vipimo vya kaskazi na unavipikia masika.

Kuna jingine nataka ulijue, kwa sababu naona unamlinganisha bibi na wewe na kila mara unajitia chini. Ulipozaliwa, 1990, Idd ilikuwa mwisho wa Aprili. Mwaka uliotangulia ilikuwa Mei. Kwa hiyo bibi alishaoka vileja vya masika, tena vingi, ila wakati huo wewe hukuwepo, au ulikuwa mgongoni. Ulipopata akili ya kutazama na kukumbuka, Idd ilikuwa imeshahamia kwenye jua, na yale aliyokuwa akiyafanya mvua ikinyesha hakuwa na haja ya kuyafanya tena. Hakukuficha kitu. Mimi ni mtu mzima kidogo kuliko wewe, miaka ile ya mvua naikumbuka: mama yangu alikuwa anaukausha unga kwenye sufuria juu ya makaa yaliyofifia, na vileja anaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha kifuniko anakizungushia ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Nilidhani ni mazoea yake tu. Nilipokuja kusoma upishi ndipo nikaelewa alichokuwa anapigana nacho.

Alikuwa anapigana na maji ya hewani. Chukua mkate wa kawaida na kileja, viache vyote wazi usiku mmoja. Asubuhi mkate umekauka na kileja kimelegea. Hewa ni ileile, mbona vimekwenda njia mbili? Mkate una maji mengi, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo unaitolea hewa. Kileja kilichooka vizuri kina maji machache mno, asilimia tatu au nne hivi, kwa hiyo kinachukua kutoka hewani, na kitaendelea kuchukua mpaka kilingane nayo. Ule mvunjiko unaousikia unatoka kwenye sukari na wanga vilivyokauka vikawa vigumu kama kioo. Maji kidogo tu yakipenya, kioo kile kinakuwa kama mpira. Hakuna kilichooza, wala hujakosea kipimo. Kimekunywa tu.

Na sukari ndiyo mnywaji mkubwa. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 85, sukari nyeupe huanza kuyeyuka yenyewe pale ilipo bila kutiwa tone la maji, na usiku wa masika pwani kufika hapo si ajabu hata kidogo. Ndilo jasho unaloliona kwenye visheti vyako. Hapo nina swali dogo kwako: unapopika shira ya visheti, unakamulia limau? Watu wengi wanatia kwa sababu wamezoea kwenye shira ya kaimati. Kwenye kaimati limau ni zuri, linazuia shira isigande. Visheti unataka kinyume chake: shira igande, ikae juu yake kama chokaa nyeupe. Limau linaivunja sukari kuwa namna nyingine ya sukari inayovuta maji hata zaidi. Asali nayo hivyohivyo. Kwa visheti pika sukari na maji peke yake, tia iliki, subiri mpaka tone ukilivuta kati ya vidole viwili litoe uzi, ndipo umwagie visheti na kugeuzageuza bila kupumzika mpaka viwe vyeupe. Hata hivyo sitakudanganya: visheti vya masika ni vya siku mbili au tatu. Kaanga jioni ya kuamkia Idd na vigawe asubuhi.

Turudi kwenye vileja, maana huko ndiko moyo wako uliko.

Watu wanaokwambia unga wa siku hizi si unga wanalo jambo, ila silo wanalolidhani. Unga wa vileja ni wa mchele, na kama unaufanya kama bibi, unaroweka mchele, unautwanga au kuupeleka mashineni, unauchekecha, kisha unauanika. Hatua ya mwisho ndiyo inayokwama. Unga ulioanikwa kwenye mawingu unaonekana mkavu kwa juu, lakini uchukue konzi moja ufumbe kiganja halafu ufumbue. Ukibaki na alama za vidole, ukasimama kama donge, una maji. Ukiporomoka kama mchanga wa ufukweni wakati wa jua, uko tayari. Unga wenye maji unapokutana na moto, wanga wake unavimba na kunata, na kileja kinakuwa na moyo wa uji. Kwa hiyo wakati wa mvua utie kwenye sufuria pana, makaa machache, ukoroge kwa mwiko mkavu dakika kumi hadi kumi na tano. Usibadilike rangi. Unanyanyuka mvuke mwanzoni, mvuke ukikoma na unga ukawa mwepesi kwenye mwiko, epua. Upoe kabisa kabla haujakutana na samli.

Samli ndiyo inayofanya vitawanyike. Samli huyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, na jikoni kwako siku ya joto nyuzi ni hizohizo. Unaipima ikiwa nusu mafuta. Samli iliyoyeyuka haishiki hewa ukiipiga. Inaingia kwenye unga kama maji, na bati likipata moto inakimbia na kuvuta unga wote pembeni. Ndiyo maana ulipoongeza unga hukupata nafuu: ulipata vileja vikavu mdomoni ambavyo bado vinatawanyika. Weka bakuli la samli ndani ya beseni la maji ya mtungi au yenye barafu, mpaka igande na kuonyesha chengachenga. Ipige na sukari iliyosagwa, kwa mkono au kwa mwiko, mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kama dakika kumi. Mkono utachoka. Hapo pa kuchoka ndipo hewa inapoingia, na hewa hiyo ndiyo inayokipa kileja ule wepesi wa kuyeyukia ulimini. Beking pauda ipumzishe. Ukiizidisha inavimbisha kileja haraka, kinapasuka, kinaanguka, na inaacha ladha ya sabuni.

Na mayai: tumia viini peke yake. Ute wa yai karibu wote ni maji, na masika hatuna haja ya kuongeza maji popote. Kwa nusu kilo ya unga wa mchele mkavu, mimi natia robo kilo ya samli, gramu 200 za sukari iliyosagwa, viini vitatu, na kijiko cha chai kilichojaa cha iliki iliyotwangwa papo hapo. Iliki ya Amani, kule milima ya Usambara, tunaipata sokoni, usinunue ya unga iliyokaa kwenye mfuko, harufu yake imeshaondoka. Nimesema gramu kwa makusudi. Kikombe cha bati cha bibi kihifadhi, kitumie kuchotea, lakini kiweke kwenye mizani mara moja ujue kinabeba uzito gani, kwa sababu unga mkavu uliochekechwa na unga wenye unyevu ulioshindiliwa havilingani uzito hata kama vimejaza kikombe kilekile.

Donge lako lisilainike kama la chapati. Lifinyange kwenye kiganja: likishikamana, na ukilibonyeza katikati kwa kidole gumba likapasuka kidogo pembeni, hapo limefika. Unga wa mchele hauna ule unato wa ngano, hivyo kukanda sana hakulisaidii, kunaikamua samli itoke tu. Na nyufa ndogo juu ya kileja si aibu. Hata vya bibi vilikuwa nazo.

Sasa moto, na hapa ndipo unaweza kupata nafuu kubwa kuliko kokote. Nina hakika unavitoa mapema. Sukari ikiwa nyingi kileja kinachukua rangi haraka, unaona kimeiva, unatoa, kumbe katikati bado kina maji. Ukikifungia, yale maji ya katikati yanatembea kuja nje, na kesho kimelegea chote bila hata hewa ya nje kuhusika. Weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Kabla hujatia vileja tia kipande cha karatasi nyeupe ndani, funika, hesabu dakika tano. Kikigeuka njano hafifu moto ni wake. Kikiwa kahawia umezidi, punguza. Oka dakika ishirini hadi ishirini na tano, vikiwa bado vyeupe vyenye wekundu kidogo chini. Kisha ondoa makaa yote ya chini, acha machache juu, viache humo robo saa nyingine. Hiyo robo saa ndiyo inayokausha. Toa kimoja, kivunje kikipoa, tazama katikati. Kama kuna duara jeusijeusi lenye unyevu, rudisha vyote.

Kuhusu kuvifunga vya moto, mwanangu, hilo lenyewe lingetosha kuviharibu hata Januari. Mvuke unatoka kwenye kileja, unagonga bati la kopo, unageuka maji, unarudi ulikotoka. Vipoe kwanza. Lakini usivilaze nje usiku kucha kwenye sinia vikiwa chini ya kawa, kama wengi wetu tunavyofanya. Saa moja inatosha, kisha ndani ya kopo la bati au ndoo yenye mfuniko unaobana, na usiwe unaifunguafungua. Friji isaidie kuhifadhi donge usiku mmoja, si vileja vilivyooka: ukivitoa vya baridi kwenye hewa ya joto vinaloa kwa nje kama glasi ya maji ya barafu. Wapo wanaotia kifuko cha mchele uliokaangwa ndani ya kopo. Kinasaidia kidogo, kitie, ila usikitegemee. Na vikilegea licha ya yote, vikiwa havina koga, virudishe kwenye moto mdogo dakika saba au nane kisha vipoe. Vinarudi. Nimefanya hivyo asubuhi ya Idd zaidi ya mara moja na wageni hawakujua.

Nimetaja kawa, na hapa naingia kwenye vikapu vyako, kwa sababu naona umeviweka pembeni kama jambo la pili, na kwangu ni jambo lilelile. Kawa liliumbwa lipumue. Ukilifunikia wali wa moto au mkate wa mchele, mvuke unapenya kwenye ukili, nzi hawaingii, chakula hakitoi jasho. Kwa kazi hiyo sijaona kitu cha dukani kinacholishinda. Lakini kinachotoa mvuke kinaingiza pia. Ukindu na miyaa ni majani, na jani likikauka halisahau maji. Masika linayavuta kutoka hewani na kuyakalia. Kikapu cha ukili kilichojaa vileja kwa siku tatu ni sawa na kuviegemeza kwenye kitambaa kibichi. Kwa hiyo kikapu kiwe vazi la kileja. Nyumba yake iwe kopo. Vikae kwenye kopo hadi asubuhi ya Idd, na saa ile mtoto anapotumwa kwa jirani ndipo uvipange kikapuni.

Koga iliyokupata ilianza siku ya kusuka. Tunalowesha miyaa ili isivunjike, tunasuka ukili mbichimbichi, tunashona, na kwa haraka ya Ramadhani tunakiona kikapu kimekwisha. Kwa macho kimekwisha, lakini ndani ya mshono, pale ukili unapolaliana, maji bado yapo. Suka vikapu vyako Rajabu au Shaabani, usingoje kumi la mwisho. Kila kimoja kining'inize mahali penye hewa siku tatu nne, na jua likitoka kati ya mvua mbili kitoe nje. Kinuse kabla ya kukitumia. Ukisikia harufu ya udongo uliofunikwa, hakijakauka, na samli ya kwenye vileja itaidaka harufu hiyo ndani ya saa chache.

Rangi nyekundu nayo tuizungumze bila kuficha. Rangi tunazochemshia ukindu zimetengenezwa kwa ajili ya mikeka na vitambaa. Si za kuliwa, na ulifanya vyema kutovigawa vile vilivyopakwa. Kila kikapu kipya kisugue ndani kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji, halafu kwa kingine chenye samli kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi, hicho ni kikapu cha kutilia ushanga na kanga. Kwa vya chakula fanya kama wasukaji wengi wa zamani: ukili wa ndani na wa kitako uwe mweupe, usiotiwa rangi, na uzuri wote upandishe kwenye ukingo na mkono wa kubebea. Ndani tandika karatasi ya kuokea. Gazeti hapana, wino wake unahamia kwenye mafuta. Jani la mgomba ni zuri kwa maandazi, kwa vileja lina maji mno.

Umeniuliza kuhusu oveni. Oveni ya umeme inakupa moto ulio sawa na inakuondolea moshi, na kama unaoka mwaka mzima na umeme wa mtaani kwako haukatiki sana, ni kitu kizuri. Lakini tatizo lako liko kwenye unga kabla ya moto na kwenye hewa baada ya moto, na huko oveni haifiki. Ningekuwa wewe, pesa hiyo kwanza ningenunua mizani ndogo ya jikoni na makopo mawili yenye vifuniko vya kubana. Oka masika moja hivyo, halafu uamue.

Ukiendelea na mkaa, nina jambo moja ambalo sitalisema kwa upole. Mvua inapotufukuza uani, tunaingiza jiko chumbani, tunafunga dirisha maji yasiingie, na usiku wa kuamkia Idd tunaoka mpaka alfajiri, watoto wamelala palepale. Makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua watu usingizini. Moshi usipoonekana usidhani umesalimika. Oka barazani chini ya bati, au dirisha na mlango viwe wazi, na watoto walale kwingine. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje wewe na kila aliyemo, na mwende hospitali usiku huohuo. Usisubiri uone kama kitapoa.

Na kuhusu chakula chenye koga, usikate kile kipande kibaya ukala kilichobaki. Nyuzi za koga zimeshaingia ndani kuliko jicho linavyoona. Unga wa mchele uliopata harufu ya uvundo usiuokoe kwa kuukaanga, wala karanga za kashata zilizogeuka rangi. Sumukuvu tunayoisikia kwenye mahindi na karanga haiondoki kwa moto wa jikoni. Kama kuna aliyekula akatapika au kuharisha mfululizo, hasa mtoto au mzee, apelekwe kituo cha afya, na mchukue kipande cha alichokula.

Kuacha na kununua za dukani? Mwaka ambao umechoka, umejifungua, au una mgonjwa ndani, nunua, na Idd yako itakuwa Idd. Siku hizi hakuna atakayekuhukumu. Lakini ukiacha kwa kuamini kwamba mkono wako umekataa, utakuwa umeacha kwa sababu isiyo ya kweli, na hilo ningesikitika. Unaweza pia kubadili sinia kufuata msimu: Idd ikiwa kwenye mvua peleka mkate wa ufuta, kaimati na halua, ambavyo havihitaji ukavu, na vileja vioke vichache vya nyumbani. Idd yenyewe inaendelea kurudi nyuma. Kwa hesabu, mwaka 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, na 2031 mwezi wa Januari, mwezi uleule uliokuwa nao bibi jikoni.

Ukijaribu haya yote na bado vinalegea, kuandikiana hakutatosha tena. Mtafute mama mmoja hapo mjini anayeoka vileja vya harusi, Ngamiani hawakosekani, umuombe ukae naye siku moja. Nenda na unga wako kwenye chupa iliyofungwa na kileja kimoja ulichooka wewe. Kuna mambo kidole kinayajua na maneno yangu hayawezi kukufikishia.

Kawa la bibi usilitupe. Liweke kwenye jua kavu, lipige kwa brashi ngumu nje ya nyumba ukiwa umejifunga kitambaa puani, kisha lipanguse kwa kitambaa chenye siki kidogo na ulirudishe juani siku mbili. Madoa yanaweza kubaki, meusi hayatoki yote. Likiwa bado gumu na halina harufu, lifunikie matunda. Kama ukili unavunjika ukiukunja, lisikaribie chakula tena. Lakini kabla ya lolote kati ya hayo, lichukue hivyohivyo lilivyo umpelekee msukaji mzee, mwombe ahesabu nyuzi za ukili na akuonyeshe alivyoanza bibi kule kileleni, na wewe usuke jingine mbele yake. Nenda mapema, nyuzi zingali zinahesabika.